Chumvi ya Katwe na hewa ya mvua

Wafugaji wa Isingiro wanaofika kwenye kibanda changu hapa Kakoba hawaulizi chumvi ya pakiti. Wanataka mawe ya Katwe ya kulambisha ng'ombe, kama walivyotaka babu zao kabla Mbarara haijawa mji. Mimi ni mtu wa Kivu niliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na kwetu pia chumvi hiyo ilijulikana: ilitoka katika lile ziwa lililomo ndani ya shimo la volkano, jirani na Ziwa Edward. Falme za Toro na Bunyoro ya Mfalme Kabalega ziliigombania. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard akajenga ngome palepale, akaiita Fort George.

Simulizi hizo zimejaa wafalme na bunduki. Kwangu mimi, aliyeitawala biashara hii kuliko wote ni unyevu wa hewa.

Nikivunja jiwe, vumbi lake hutua juu ya chuma cha mizani. Mchana wa Julai ni unga mkavu. Mvua ya Oktoba ikinyesha usiku, asubuhi nakuta vitone, ukionja ni chumvi tupu, na bati halivuji. Punje imevuta maji hewani hadi ikayeyuka yenyewe. Chumvi safi huyeyuka hivyo unyevu ukifika asilimia 75 hivi. Ya Katwe imechanganyika na magadi, kwa hiyo haifuati kipimo hicho sawasawa. Kinachonistaajabisha zaidi ni safari ya kurudi. Punje inayoelea angani, ikishakuwa tone, haigandi unyevu ukishuka chini ya 75. Hubaki maji mpaka karibu asilimia 45. Guniani, ambako chembe zimegusana, hukauka mapema na kushikana, hadi uzivunje kwa nyundo.

Wachukuzi wa zamani waliifunga kwa majani makavu ya migomba, maana mzigo ukilowa, mali inachuruzika njiani. Katwe kwenyewe uvunaji mkubwa ni wa kiangazi. Mvua huyeyusha ukoko katika vidimbwi.

Kiwanda kikubwa cha chumvi kilichojengwa kando ya ziwa kilikwama miaka ya 1980, mabomba yakiliwa na maji yaleyale ya chumvi. Watu wakaendelea kwa mikono, na mpaka leo wanaingia ziwani, maji yakiwachubua ngozi. Ndiyo maana mteja akiniambia jiwe la Katwe ni ghali, simpunguzii.