Kigoda cha Mwalimu: kutoka Cheche hadi Chemchemi

Ninayo noti moja ya shilingi 500 ambayo nimeihifadhi ndani ya kitabu. Ni ya toleo la 2010, lile ambalo limepotea mikononi mwa watu tangu sarafu ilipochukua nafasi yake. Upande mmoja yupo Sheikh Abeid Amani Karume. Ukiigeuza unakutana na Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Makondakta wa daladala walizikunja noti hizo vidoleni mpaka zikalainika kama kitambaa, na nadhani wengi tulizipokea na kuzitoa bila kujiuliza ule ukumbi umewahi kusikia nini. Mimi naitunza kwa sababu ya kigoda cha chuo hicho.

Kigoda tunakijua sote. Gogo moja la mti limechongwa likapata miguu mitatu na mahali pa kukalia palipobonyea kidogo katikati. Hakina egemeo. Kinamweka mtu chini, karibu na moto na karibu na anaozungumza nao. Pwani tunacho pia kiti cha enzi, kile cha mpingo kilichopambwa kwa vipande vya pembe, kirefu, anachokalishwa mgeni mashuhuri huku wengine wakimtazama. Chuo kilipotaka kuanzisha nafasi ya heshima kwa jina la Mwalimu Nyerere, jina lililokuja kushika si la kiti cha enzi. Ni kigoda.

Heshima za kitaaluma zina mila ndefu, na nyingi zimetoka Ulaya. Oxford walianzisha kiti cha uchumi wa siasa mwaka 1825, kikabeba jina la Henry Drummond, mwenye benki aliyetoa fedha zake. Ipo pia shahada ya heshima, ambayo mtu hupewa kwa siku moja: anavishwa joho, anasomewa sifa zake, anapigwa picha, anakwenda zake. Mwalimu mwenyewe alitunukiwa moja na Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1962, miaka kumi baada ya kuhitimu hapohapo. Sina ugomvi na joho. Ila joho halimdai mtu kazi, na kigoda kinamdai.

Mwaka 2008 ndipo kilipozaliwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika. Neno umajumui nalipenda. Limetoka kwenye ukoo uleule wa jamii na jumuiya, na ukilitamka unasikia watu wakikusanyika. Mtu wa kwanza kukalia kigoda hicho alikuwa Profesa Issa Shivji, mwanasheria, mzaliwa wa Kilosa, ambaye alikuwa amefundisha Mlimani tangu mwaka 1970 hadi alipostaafu mwaka 2006. Uzito wa uteuzi ule hauonekani mpaka turudi nyuma karibu miaka arobaini.

Shivji aliingia Mlimani akiwa mwanafunzi mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Chuo kilikuwa bado na jeraha: Oktoba 1966 wanafunzi walikuwa wameandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu akawafukuza zaidi ya 300. Waliobaki na waliokuja baadaye walilazimika kujiuliza msomi ni wa nani. Ndipo ukaundwa umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi wa Afrika, mwenyekiti wake kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa akifundisha hapohapo, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa mwaka 1972 akiwa bado Dar es Salaam.

Vijana wale walitoa jarida. Wakaliita Cheche. Halikuwa na mtambo wa maana: maneno yalipigwa kwa taipureta juu ya karatasi za stensili, kurasa zikatolewa moja moja kwa mashine ya kurudufu, kisha zikapangwa na kubanwa kwa mkono. Wahariri walikuwa wanafunzi, miongoni mwao Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Fedha. Toleo la kwanza lilitoka mwishoni mwa 1969. Mwaka uliofuata likatoka toleo maalumu lenye andiko moja refu la Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya nchini. Alisema waziwazi kwamba kutaifisha mashirika peke yake hakujamkabidhi mfanyakazi wala mkulima chochote, na kwamba lipo tabaka jipya linaloota mizizi ndani ya dola yenyewe.

Novemba 1970 amri ikashuka. Umoja ule ukapigwa marufuku na Cheche likazimwa. Sababu iliyotolewa iligusa mpaka jina: cheche lilikuwa jina la gazeti la Lenin, nayo Tanzania, waliambiwa, inajenga ujamaa wake na haihitaji kuazima wa Warusi. Vijana hawakukunja mikono. Walihamia kwenye umoja wa vijana wa TANU pale chuoni na mwaka 1971 wakatoa jarida jingine, wakaliita Maji Maji. Jina hilo nani angelipinga? Mwaka 1973 andiko lile la Shivji likatoka katika kitabu cha Tanzania Publishing House, kampuni ya uchapishaji iliyokuwa chini ya umma, wakati Walter Bgoya akiiongoza. Nchi iliyofunga jarida ilimwachia mwandishi wake aendelee kusomwa, na ikamwacha aendelee kufundisha. Lazima tuyaseme yote mawili, kwa sababu wapo wanaosimulia la kwanza tu na wapo wanaosimulia la pili tu.

Kwa hiyo yule aliyeketishwa kwenye kigoda cha Mwalimu mwaka 2008 ndiye ambaye andiko lake lilikuwamo ndani ya jarida lililozimwa enzi za Mwalimu. Naiona hiyo kuwa heshima kubwa kuliko joho lolote, na ni heshima kwa wote wawili.

Shivji hakukaa kimya pale. Aprili 2009, wiki ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Mwalimu, lilianza tamasha la kitaaluma la kila mwaka, na mhadhiri mgeni wa kwanza alikuwa Wole Soyinka, mwandishi kutoka Nigeria. Mwaka 2010 akaja Samir Amin, mwanauchumi wa Misri, mmoja wa waasisi wa CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii barani Afrika lililoundwa Dakar mwaka 1973. Mwaka 2013 zamu ikawa ya Thandika Mkandawire, Mmalawi aliyewahi kuliongoza baraza hilohilo, akatafakari miaka hamsini ya uhuru. Amin alifariki mwaka 2018 na Mkandawire mwaka 2020. Nafurahi kwamba Dar es Salaam iliwaita wangali hai, ikawasikiliza, na haikungoja kuwaandikia tanzia.

Kigoda kikawa pia na jarida lake. Likaitwa Chemchemi. Yatamke majina hayo mawili moja baada ya jingine, Cheche na Chemchemi. Kilichoanza kama moto kimerudi kama maji, lakini ulimi unatambua undugu wao.

Shivji aliondoka kigodani mwaka 2013 na baada yake akaketi Profesa Penina Mlama, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kwa tamthilia zake tangu Hatia, alipokuwa akiandika kwa jina la Penina Muhando. Kutoka kwa mwanasheria kwenda kwa mwandishi wa tamthilia: umajumui haukufungiwa ndani ya idara moja.

Shivji naye akaenda kwenye kazi nyingine. Akiwa na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata aliingia kwenye nyaraka na mahojiano kutafuta maisha ya Julius Nyerere. Mwaka 2020 wasifu huo ukatoka, vitabu vitatu vizito, kwa Mkuki na Nyota, nyumba ya uchapishaji ya Walter Bgoya yuleyule. Kitabu cha tatu, kinachopima utawala wa Mwalimu na Ujamaa wake, kimeandikwa na Shivji, miaka 50 tangu Cheche lizimwe.