Mikono Inayotupigia Kinanda

Kama katibu nimeombwa kuandika jambo la historia katika kijitabu hiki cha jubilii. Nimechagua mikono ya wapigaji wetu wa vyombo, kwa kuwa sauti zetu huiegemea kila Jumapili.

Robert Schumann alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, akatamani kuwa mpiga piano hodari. Alitumia hata kifaa cha kuvifanyisha vidole mazoezi. Kufikia 1832 kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa hakimtii. Chanzo chake kinabishaniwa hadi leo. Aliacha ndoto hiyo akawa mtunzi mashuhuri.

Leon Fleisher wa Marekani alishinda shindano kubwa la piano mjini Brussels mwaka 1952. Katika miaka ya 1960, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe. Akaongeza mazoezi, na hali ikazidi. Kwa takriban miaka 30 alifundisha, akaongoza okestra, na kupiga kwa mkono wa kushoto pekee. Hatimaye ilijulikana ni distonia: ubongo hutuma ujumbe usio sahihi kwa misuli. Alitibiwa kwa sindano, na mwaka 2004 akatoa albamu ya mikono miwili.

Si kila maumivu ni distonia. Mara nyingi ni kano zilizochoshwa na kurudia jambo lile lile, au neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ganzi, maumivu yasiyokoma na vidole kukosa nguvu ni dalili za kumwona daktari mapema.

Lakini sisi, mpiga kinanda akilalamika, humwambia, "Jikaze, Mungu atakutia nguvu," kisha tunaongeza wimbo. Mtu huyo huyo hupiga harusi ya Jumamosi, ibada zote za Jumapili na mazoezi ya jioni. Asipokuwepo, kinanda hufunikwa kitambaa.

Katika jubilii hii naomba tuanze kumfundisha mpigaji wa pili kwa kila chombo, tuweke mapumziko katikati ya mazoezi, na tutafute kiti cha kimo kinachofaa. Hata Musa mikono yake ilichoka vita vikiendelea. Haruni na Huri hawakumkemea. Walimletea jiwe la kukalia, wakaishika mikono yake, mmoja upande huu na mwingine upande ule.