Gruit: Neno la Kiholanzi kati ya Pipa la Bia na Hazina ya Mtawala

Maana ya istilahi ya ufundi haihifadhiwi na kamusi pekee. Mara nyingi hutunzwa pia na sheria iliyoitumia. Historia ya neno la Kiholanzi gruit inathibitisha hoja hii.

Kinasaba, gruit lina undugu na gort na grutten, maneno yanayotaja nafaka iliyoparazwa bila kusagwa laini. Katika utengenezaji wa bia wa Zama za Kati, neno hilo lilitaja mchanganyiko wa kukolezea bia. Kiungo chake mashuhuri kilikuwa majani ya gagel, kichaka chenye harufu nzuri kiotacho penye majimaji.

Mchanganyiko huo ukawa chombo cha utawala. Mwaka 999 Kaizari Otto III alimpa askofu wa Utrecht haki ya gruit katika mji wa Bommel, na hati yake ya Kilatini ililitaja neno hilo kwa lugha ya wenyeji. Mwenye haki hiyo ndiye aliyeuza mchanganyiko, na mtengenezaji bia alilazimika kuununua kwake. Kwa njia hiyo bei yake ilibeba ushuru ndani yake, na gruit likaja kumaanisha kiungo, haki na kodi kwa pamoja. Huko Bruges, nchini Ubelgiji ya leo, ukoo uliomiliki haki hiyo uliitwa Gruuthuse, yaani nyumba ya gruit.

Kilichoutikisa mfumo huo ni hopsi. Bia iliyotiwa hopsi haikuharibika upesi, hivyo iliweza kusafirishwa mbali. Katika karne ya 14 bia ya Hamburg iliingia Uholanzi kwa wingi. Aliyetumia hopsi hakuhitaji gruit, na pato la mwenye haki likapungua. Mwaka 1364 Kaizari Karl IV aliruhusu bia ya hopsi nayo itozwe ushuru, ili kufidia pungufu hilo.

Mafunzo ni mawili. Kwa mtafiti wa lugha, hati za kodi ni chanzo cha maana sawa na kamusi. Kwa mshauri wa sera, ushuru uliofungwa kwenye kiungo kimoja badala ya bidhaa yenyewe hudhoofika mara ufundi unapobadilika. Kasri la Gruuthuse, ambalo sasa ni makumbusho, lingali na jina la biashara iliyokwisha zamani.