Nani Humhesabu Asiye na Pa Kulala?

Hapa kwetu Rungwa kumhesabu mtu si kazi. Hata lori likiharibika usiku katika barabara ya Itigi kwenda Mbeya, kukicha kijiji kizima kinajua dereva alilala kwa nani.

Dar es Salaam mambo ni mengine. Huko, kwa miaka mingi, asiye na makao alihesabiwa siku ya kufukuzwa. Mwaka 1944 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika iliowaita wasiotakiwa. Baada ya Uhuru lugha ilibadilika, malori yakabaki. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na wakazi wa mjini walioonekana hawana kazi wakapelekwa mashambani. Wengi walirudi.

Sasa mtu akitaka kujua miaka ile wangapi walikuwa wakilala barazani, hesabu za misako hazimsaidii. Aliyekamatwa mara tatu ni watu watatu. Aliyejificha vizuri hayumo. Na yule mwenye chumba chake Manzese, ila hana kazi, naye kajumlishwa! Hizo ni hesabu za juhudi za askari, basi.

New York walianzia kwingine. Mwaka 1981, kufuatia kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya wanaume waliokuwa wakilala mitaani, jiji lilikubali mbele ya mahakama kuwapa malazi wanaume wasio na makao. Ukishadaiwa kitanda, huna budi kujua vinatakiwa vingapi. Leo jiji hilo hutoa kila siku idadi ya waliolala katika mabweni yake, na mtu aweza kuifuatilia ikipanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Aliyelala ndani ya treni, kweli, hayumo katika hesabu hiyo.

Kwetu sisi, kinachokaribiana na hayo ni makazi ya wazee wasiojiweza, kama Sukamahela hapa Manyoni, au Nunge kule Kigamboni. Mzee akipokelewa hupewa kitanda, na mwenye kitanda huhesabika.

Waliobaki husubiri sensa. Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, makarani waliwafuata wanaolala vituo vya mabasi na mitaani. Sensa iliyotangulia ilikuwa ya mwaka 2012. Mtoto aliyeanza kulala Kariakoo mwaka 2013 akiwa na miaka 8, karani alimkuta, kama alimkuta, ana miaka 17.