Vigae vya plastiki vya kufungamana: Mambo ya kuzingatia ili sakafu ya gereji idumu

Jiji la Arusha ni lango la watalii wanaoelekea Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Kwa sababu hiyo, gereji zake hupokea magari mazito yanayorudi safarini yakiwa na vumbi, tope na oili inayovuja. Miongoni mwa njia za kufunika sakafu za gereji hizo, pamoja na maegesho ya nyumbani, ni vigae vya plastiki vinavyofungamana kwa meno ya pembeni bila gundi wala saruji.

Faida yake kubwa ni kwamba kigae kimoja kikiharibika hung'olewa na kubadilishwa bila kuvunja sakafu nzima. Hata hivyo, kigae hakizibi zege lililo chini yake. Oili ikipenya kwenye maungio hukaa mahali pasipoonekana, na maji ya kuoshea huisukuma hadi kwenye mfereji. Kwa hiyo utunzaji wa sakafu ya aina hii unagusa fedha za mwenye gereji, usalama wa fundi na usafi wa maji ya mto.

Aina za vigae na tabia zake

Vigae vingi vya gereji hutengenezwa kwa plastiki ya aina mbili. Ya kwanza ni polipropilini, ambayo ni ngumu, nyepesi na haidhuriwi kwa urahisi na oili, grisi wala maji ya betri. Ya pili ni PVC laini, ambayo ni nzito zaidi, haina kelele inapokanyagwa na hulala vizuri juu ya sakafu isiyo sawa kabisa. Mara nyingi mnunuzi anaweza kuzitambua kwa alama ya pembetatu iliyo mgongoni mwa kigae: namba 5 ni polipropilini na namba 3 ni PVC.

PVC laini ina udhaifu mmoja unaostahili kujulikana kabla ya kununua. Kemikali zilizomo kwenye mpira wa tairi, hasa tairi likiwa la moto baada ya safari ndefu, huhamia kwenye kigae na kuacha doa la kahawia au la manjano. Doa hilo halitoki kwa sabuni kwa kuwa limeingia ndani ya plastiki yenyewe. Kwa anayetumia PVC, suluhisho ni kuchagua rangi nyeusi au ya kijivu iliyokolea, au kuweka kipande cha polipropilini mahali magurudumu yanaposimama.

Vilevile kuna vigae vyenye uso mzima na vyenye matundu. Vyenye matundu huruhusu maji kupita, jambo linalofaa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, magari yanapoingia yakidondosha maji. Lakini matundu hayo hayo hupitisha tope na oili. Sehemu ya kuegesha na kuoshea gari inaweza kuwa na vigae vya matundu, ila sehemu ya kufungulia injini inahitaji vyenye uso mzima.

Hali ya hewa na udongo wa Meru

Plastiki hutanuka inapopata joto na husinyaa inapopoa. Polipropilini hubadilika kwa takriban milimita 0.1 kwa kila mita moja na kila nyuzi joto moja. Sakafu yenye urefu wa mita 6, joto lake likibadilika kwa nyuzi 20, inaweza kurefuka kwa takriban milimita 12. Arusha, ambako usiku wa Julai ni wa baridi na jua la mchana wa Februari huingia kwa nguvu kupitia mlango ulio wazi, mabadiliko hayo si ya kupuuzwa.

Vigae vilivyobanwa ukutani pande zote huinuka katikati na kung'oa meno. Kwa sababu hiyo, mwanya wa milimita 6 hadi 10 huachwa kila upande, na huongezwa kidogo ikiwa kazi inafanyika asubuhi ya baridi. Mashine nzito na kabati zilizofungwa sakafuni kwa bolti zisipitishwe kwenye vigae, kwani huzuia sakafu kusogea.

Mionzi ya urujuanimno ya jua hufanya plastiki ichujuke na kuwa ya kukatika. Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na si mbali na Ikweta, hivyo mionzi hiyo ni mikali. Vigae vya karibu na mlango ndivyo vinavyochakaa mapema. Ni busara kuvibadilishana nafasi na vya ndani kila mwaka.

Udongo wa miteremko ya Mlima Meru nao umetokana na majivu na miamba ya volkano. Punje zake zikinaswa kati ya tairi na kigae hukwaruza kama msasa. Kufagia kila siku wakati wa kiangazi kunaongeza maisha ya sakafu kuliko dawa yoyote ya kung'arisha.

Maandalizi kabla ya kutandaza

Zege linapaswa kuwa tambarare, lisilo na nyufa kubwa wala mashimo. Nyumba na gereji zilizo kwenye miteremko mara nyingi hupata unyevu unaopanda kutoka ardhini. Kipimo chake ni rahisi: karatasi ya nailoni yenye upana wa nusu mita hubandikwa sakafuni kwa utepe pande zote na kuachwa kwa saa 24. Matone yakionekana chini yake, au zege likiwa limekolea rangi, vigae vya uso mzima vitafungia unyevu na kuleta harufu na ukungu. Chanzo cha maji kirekebishwe kwanza.

Uzito, jeki na moto

Gari la tani 2.4 likisimama kwa magurudumu yake manne, kila gurudumu hubeba takriban kilo 600, na tairi husambaza uzito huo. Mguu wa stendi ya jeki huukusanya mahali padogo. Kigae kinaweza kubonyea au kupasuka, na stendi ikainama fundi akiwa chini ya gari. Njia salama zaidi ni kung'oa vigae vya eneo hilo na kusimamisha stendi moja kwa moja juu ya zege. Jeki ya magurudumu ikilazimika kupita juu ya vigae, iwekewe ubao mnene na mpana wa plaiwudi.

Kuchomelea na kukata chuma kusifanyike juu ya vigae. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na ikiwaka hudondosha matone ya moto. Kizimamoto kiwe karibu, na dharura ya moto itolewe taarifa kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Ratiba ya matunzo

Kila siku, sakafu ifagiliwe na oili iliyomwagika ifunikwe kwa unga wa mbao au mchanga mkavu, kisha izolewe.

Kila wiki, ipigwe deki kwa maji na sabuni ya kawaida. Petroli na thina visitumike, kwani hudhuru PVC na mvuke wake hushika moto. Utando mweupe unaoachwa na maji yenye madini mengi hutolewa kwa siki iliyochanganywa na maji. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Kila baada ya miezi sita, vyema kabla na baada ya masika, vigae ving'olewe kwa safu, zege lifagiliwe na kukaushwa, na meno yakaguliwe. Kigae chenye jino lililokatika kibadilishwe mara moja, kwa kuwa vya jirani huanza kuachia. Mnunuzi anashauriwa kununua akiba ya angalau vigae 5 kwa kila 100, kwani rangi na vipimo vya toleo la baadaye vinaweza kutofautiana.

Oili, mito na wajibu wa kisheria

Mito ya Themi, Naura na Ngarenaro inatoka kwenye miteremko ya Meru na kupita ndani ya jiji. Themi huendelea kusini hadi bonde la Mto Pangani, ambako wakulima hutegemea maji kwa umwagiliaji. Oili chafu iliyojificha chini ya vigae na kuoshewa mferejini inaweza kufika huko.

Oili chafu ni taka hatarishi, na udhibiti wake upo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Unga wa mbao na mchanga uliofyonza oili uwekwe kwenye chombo chenye mfuniko na ukabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali. Usichomwe wala kufukiwa.

Vigae vilivyochakaa navyo visichomwe, hasa vya PVC, ambavyo moshi wake una tindikali na sumu. Polipropilini inaweza kurejelezwa. Jijini Nairobi, kampuni ya Gjenge Makers, iliyoanzishwa na mhandisi Nzambi Matee, hutengeneza matofali ya kutandaza chini kwa kuchanganya taka za plastiki na mchanga.

Kwa mnunuzi, risiti ya EFD na masharti ya udhamini yaliyoandikwa vihifadhiwe. Asome hasa kama udhamini unahusu kuchujuka rangi, madoa ya tairi na uzito wa gari alilonalo, kwani baadhi ya udhamini huhusu kuvunjika pekee.