Video za mtandaoni katika maktaba za shule

Video za mtandaoni katika maktaba za shule ni filamu fupi za masomo ambazo mkutubi au mwalimu huzichagua kwenye intaneti, huzihifadhi na kuziorodhesha ili wanafunzi wazitumie sambamba na vitabu. Zilienea baada ya YouTube kuanzishwa mwaka 2005. Salman Khan, Mmarekani aliyekuwa akimfundisha binamu yake hesabu kwa mbali, alianza kuweka masomo yake humo mwaka 2006, na kazi hiyo ikazaa Khan Academy. Kwa Kiswahili, Ubongo Kids, katuni za hesabu na sayansi zinazotengenezwa Dar es Salaam, zilianza kurushwa kwenye runinga mwaka 2014 na hupatikana pia YouTube.

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki video si haba. Kinachokwamisha ni bando na umeme. Ndiyo maana njia ya kutegemewa zaidi ni kuhifadhi video ndani ya maktaba yenyewe. Kolibri, programu huria iliyotolewa na shirika la Learning Equality mwaka 2017, huwekwa kwenye kompyuta moja, hata ile ndogo ya Raspberry Pi. Masomo hupakuliwa mara moja mahali penye intaneti. Baada ya hapo simu, tableti na kompyuta zilizomo maktabani huyafungua kupitia Wi-Fi ya ndani, bila bando, na darasa zima laweza kutazama somo moja kila mtu kwa mwendo wake.

Hakimiliki yahitaji uangalifu. Masharti ya YouTube yanakataza kupakua video bila idhini, lakini masomo mengi ya Khan Academy yana leseni ya Creative Commons inayoruhusu kuyanakili kwa matumizi yasiyo ya biashara. Mkutubi huandika leseni hiyo kwenye katalogi pamoja na darasa, mada, lugha na urefu wa video. Kazi hii ndiyo inayoigeuza video kuwa mali ya maktaba. Isipofanyika, mwanafunzi wa mwaka ujao hatajua kwamba ipo.

Urefu nao una uzito wake. Philip Guo na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014 kuhusu utazamaji wa video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, waliona kuwa muda wa kati wa kutazama video hauzidi takriban dakika sita. Inafaa video ndefu ikatwe vipande, na mwalimu aisimamishe kuuliza maswali. Wanafunzi viziwi huhitaji manukuu au lugha ya alama, sifa ambayo mkutubi anapaswa kuikagua kabla ya kuichagua video.