Swichi ya Elfu 70 Haisafishi Muziki Wako

Ijumaa usiku binamu yangu alinipigia akiwa na furaha ya mtu aliyepata kazi. Duka moja hapa Nairobi lilikuwa limemwazima swichi ya mtandao "ya muziki" aende kuijaribu wikendi. Bei: shilingi 70,000. Akiipenda, Jumatatu analipa. Hiyo pesa ni akiba yake ya miezi minane ya kuhariri video za harusi. "Bro, skiza. Si sauti imekuwa safi zaidi?"

Sikumjibu hapo hapo. Wacha turudi nyuma kidogo, kwa sababu hii stori ni ya zamani.

Enzi za santuri na kaseti, waya ulikuwa kitu muhimu kweli. Muziki ulisafiri kama umeme unaopanda na kushuka kufuata mawimbi ya sauti. Kelele ya stima ikiingia njiani, imeingia kwenye wimbo na haitoki. Kwa hivyo wazee waliogopa waya mbovu na hawakuwa wajinga.

Halafu muziki ukawa namba. Mwaka 1948, Claude Shannon wa Bell Labs alionyesha kwa hesabu kwamba ujumbe unaweza kupita njia yenye kelele na bado ukafika salama, mradi usizidi uwezo wa njia hiyo. Mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon wakachapisha hesabu ya kurekebisha makosa. Hesabu hiyo ndiyo ilikuwa ndani ya CD zilipoanza kuuzwa Japani, Oktoba 1982. Ndiyo maana CD yenye mkwaruzo mdogo bado ilicheza fiti.

Lakini uoga wa waya haukuisha, ulihama tu. Na tuseme ukweli, bado ulikuwa na msingi kiasi. Watu walipounganisha mashine ya CD na kigeuzi cha nje, namba na saa ya kuzipangia mwendo zilipita kwenye waya mmoja. Saa ikiyumba, kigeuzi kingeweza kuyumba nayo. Hiyo inaitwa jita. Mafundi waliipima, wakaipunguza.

Mtandao sasa ni kitu kingine kabisa. Etheneti ilianzia kwa Xerox, California, mwaka 1973, mikononi mwa Robert Metcalfe na David Boggs. Mwaka 1974 Vint Cerf na Bob Kahn wakachapisha mpango uliokuja kuwa msingi wa intaneti. Kila pakiti inabeba namba ya kujikagua. Ikifika imeharibika inatupwa, na nyingine inaitishwa. Ukimtumia mtu shilingi 500 kwa simu, hazifiki zikiwa 500 zenye besi kidogo. Zimefika ama hazijafika.

Tena pakiti hizo hazibebi saa ya muziki. Zinafika mapema, zinangoja kwenye kumbukumbu ya kifaa chako, halafu saa ya kifaa chenyewe inazitoa moja moja kwenda kugeuzwa kuwa sauti. Unabisha? Chomoa waya wimbo ukiwa unacheza. Vifaa vingi vitaendelea kucheza kwa sekunde kadhaa, na waya uko mkononi mwako!

Kuhusu kasi pia usijali. Muziki wa kiwango cha CD unahitaji kama megabiti 1.4 kwa sekunde. Etheneti ya waya za kusokotwa ya mwaka 1990 ilibeba 10.

Bado biashara iliendelea. Mwaka 2008 Denon ilileta kebo ya kuunganisha vifaa vyake vya muziki, yenye umbo la kebo ya kawaida ya mtandao, urefu mita 1.5. Bei ilikuwa dola 499. Watu mtandaoni waliicheka sana.

Sasa, wanaotetea swichi hizi wana hoja moja ya maana: kelele ya umeme inaweza kupanda na waya hadi kwenye kifaa. Inawezekana, hasa kama kifaa kimeundwa vibaya. Lakini milango ya etheneti ina transfoma ndogo za kutenga umeme, na kelele ikipenya itaonekana ukipima sauti inapotoka. Nionyeshe kipimo hicho, usinionyeshe boksi la kung'aa. Na kama waifai yako inakatakata muziki, rauta nzuri itasaidia, lakini dawa hapo ni ya kukatika, si ya utamu.

Kwa nini basi binamu alisikia tofauti? Mwaka 1982 David Clark alichapisha maelezo ya kifaa cha kulinganisha sauti bila msikilizaji kujua ni ipi inacheza, kwa sababu macho na bei huingia masikioni. Jumapili tukafanya toleo letu la sebuleni. Nilibadilisha swichi nyuma ya pazia mara 10, yeye akitaja ni gani. Alipata 5. Mara 10 ni chache, si maabara, lakini hata shilingi ya kurusha ingepata hivyo. Alinyamaza kitambo. Hakuwa ananidanganya Ijumaa. Alisikia kweli, ila si kutoka kwa swichi.

Tukavuta spika kutoka kwenye kona, tukatandika zulia. Besi ikaacha kuvuma. Jumatatu swichi ikarudi dukani, na zile elfu 70 bado ziko kwa akaunti yake.

Wewe pesa yako ingeenda wapi kwanza: kwa spika, kwa chumba, ama kwa waya?